Ami, Tunataka Kwenda Malindi Mwezi wa Aprili

Kila inapokaribia likizo ya Aprili, safu hii hupokea barua za wanafunzi wa vyuo wanaotaka kushuka pwani, na safari hii nyingi zimeitaja Malindi. Nimechagua zile zinazouliza yale ambayo wengi wameyauliza, nikazifupisha. Majina ya waandishi nimeyaacha, kama walivyoomba wenyewe.

*Ami, shikamoo. Sisi ni wanafunzi kumi na wanne wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi, na wengi wetu hatujawahi kuiona bahari. Muhula unafungwa mwanzoni mwa Aprili na tutarudi darasani mwisho wa mwezi. Tumekubaliana kwenda Malindi siku tano, lakini tunabishana kuhusu tarehe. Wako wanaotaka iwe Pasaka yenyewe, na wako wanaotaka mwisho wa mwezi kwa kuwa nyumba huwa rahisi zaidi. Tushauri. (Mwenyekiti wa Safari, Nairobi)*

Marahaba, mwanangu, na mmefanya vyema kuanza na tarehe. Wengi huanza na nyumba, wakaipata na kuilipia, kisha wakaja kugundua kwamba wamelipia siku tano za kukaa barazani wakitazama mvua. Nyumba kuwa rahisi mwisho wa Aprili kuna sababu yake, nayo ni masika. Huku kwetu mvua hizo huanza Aprili na kukaza Mei, na baadhi ya hoteli za Malindi, hasa zile zinazotegemea wageni kutoka Italia, hufunga milango mwishoni mwa Aprili na hazifungui tena mpaka Julai. Mwenye nyumba anayekushushia bei wakati huo hakufanyii hisani; anajua anachokuuzia.

Aprili ni tangambili pia, kipindi cha katikati ya pepo mbili za msimu: kaskazi, upepo utokao kaskazini, imekatika, na kusi, upepo utokao kusini, haijashika. Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, akapewa rubani na mfalme wa mji, akaondoka tarehe 24 mwezi huo huo ili mwanzo wa kusi umsukume hadi Calicut, ambako alifika mwezi wa Mei. Kusi ilimfaa yeye aliyekuwa na safari ya Bara Hindi. Aliyekuja kuogelea haimfai sana, kwa sababu ikikaza bahari huchafuka, mawimbi huwa makubwa, na manahodha wa boti zinazopeleka watu kwenye matumbawe huanza kukataa safari. Nahodha akikataa, msimbembeleze wala msimwongezee pesa.

Liko pia suala la tope. Kaskazini mwa mji, Mto Sabaki huingia baharini, na mvua za bara zinaponyesha hushusha udongo mwingi unaoyageuza maji kuwa mekundu hadi mbali. Sabaki ndio Galana, na Galana ndio Athi, mto unaopita pembeni mwa Nairobi, kwa hivyo tope mtakalolilalamikia huenda limetangulia kutoka kwenu. Wakati wa kaskazi tope hilo husukumwa kusini, upande wa mji. Kusi ikishika huelekezwa kaskazini, upande wa Mambrui na Ghuba ya Ungwana. Na katika tangambili hakuna awezaye kuapa litakwenda wapi. Kwa sababu hiyo msiihukumu bahari ya Malindi kwa maji ya mbele ya mji. Teremkeni kusini, Silversands na Casuarina, au mwende Watamu. Kwenye mlango wa Sabaki nendeni mkawatazame ndege, ila msiingie majini, kwa kuwa mto huo una viboko na mamba.

Baada ya mvua na upepo, utazameni mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua na mikondo hulegea. Siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na hujaa yapata saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa yapata saa nne na kupwa yapata saa kumi. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa muda unaokaribia saa moja. Mtu wa bara hupanga siku yake kwa saa ya mkononi, akafika ufuoni saa nne ya bamvua na kukuta bahari imerudi nyuma hadi kwenye mwamba, na mbele yake kuna mawe, mwani na viumbe wenye miiba. Mvuvi wa Malindi hawezi kuifanya hesabu hiyo vibaya, kwani ndiyo inayomlisha. Mkifika, ulizeni: "Leo maji yanapwa saa ngapi?" Ratiba yenu yote ya baharini ijengwe juu ya jibu la swali hilo.

Pasaka sasa. Sikukuu hiyo hupangwa kuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hivyo Ijumaa Kuu mara nyingi huangukia bamvua au jirani yake, wakati ambapo ufuo umejaa watu, treni imejaa, na bei za nyumba ziko juu. Kuanzia Jumatatu ya Pasaka jioni wageni huanza kuondoka, na maji nayo huwa yanalegea kuelekea kuwa mafu. Kama tarehe zenu zinaruhusu, ingieni Jumanne baada ya Pasaka na mtoke Jumamosi. Pasaka ikiangukia nje ya likizo yenu, chukueni siku tano za mwanzo kabisa za likizo, na kati yake siku ya kwenda matumbaweni iwe mbali na bamvua, kwa kuwa ninyi ni wageni wa maji na mikondo iliyolegea inawafaa zaidi. Wanaotaka mwisho wa mwezi waambieni kwamba akiba watakayopata kwenye kodi ya nyumba watailipa kwa siku za mvua.

Matumbawe yenyewe yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, zikiwa za kwanza za aina hiyo Kenya. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, wala si kwa fedha taslimu, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo kila mmoja abebe kitambulisho. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fukwe zilizolindwa. Bebeni maji kwenye chupa za kudumu. Kokoto la tumbawe au kombe msichukue hata moja.

Hata tarehe ikichaguliwa vizuri, siku moja ya mvua haikosekani. Siku hiyo nendeni Gedi, karibu na barabara kuu, mkauone mji wa Waswahili ulioachwa na wakazi wake mwanzoni mwa karne ya 17, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme na visima, ndani ya msitu. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na bado wako watu wanaokuja Malindi mara nyingi wasifike hata mlangoni mwake. Mkiwa hapo, mradi wa Kipepeo uko papo hapo, ambako wakazi wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo kwa ajili ya kuuza nje, kazi iliyoanza mwaka 1993. Nyari ya Marafa, yenye magenge ya udongo mwekundu na mweupe, ingojeeni siku kavu, na mfike alasiri ambapo jua la kuchwa huzikoleza rangi zake.

*Ami, mimi ni mweka hazina wa kundi hilo hilo la mwenyekiti aliyekuandikia. Kila mmoja atatoa shilingi 9,000. Nimeona nyumba kwenye Facebook, ina bwawa la kuogelea na picha nzuri, na mwenyewe anataka nusu ya kodi leo hii kwa M-Pesa, akisema kuna kundi jingine linaisubiri. Nimlipe? Na pesa zetu zitatosha? (Mweka Hazina, Nairobi)*

Usimlipe leo. Maneno ya kundi jingine linalosubiri ndiyo yanayomfanya mwanafunzi atume pesa kabla ya kufikiri, na anayeyasema huwa anajua hivyo. Mwenye nyumba wa kweli huenda naye akayasema, lakini nyumba ya kweli itastahimili kuulizwa maswali siku mbili.

Mwombe akupigie simu ya video akiwa mlangoni mwa nyumba, atoke nje hadi barabarani na akuonyeshe jirani, duka au msikiti ulio karibu. Picha huibwa kwenye matangazo ya watu wengine kila siku, lakini barabara haiibiki. Kisha muulize mtu aliye Malindi, awe mwenzenu wa chuo anayetoka huko, ndugu wa mwenzenu au hata dereva wa tuktuk aliyependekezwa kwenu, apite aiangalie. Kijana wa bodaboda atakwenda na kurudi kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na hizo unazotaka kuzituma. Unapotuma M-Pesa, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujathibitisha; likiwa si la mtu uliyezungumza naye, simama hapo hapo. Arubuni isizidi theluthi, mapatano yaandikwe hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na salio lilipwe mkiwa ndani ya nyumba mmeshika ufunguo.

Katika mapatano hayo kuna vitu vitatu ambavyo watu wa bara husahau kuviuliza. Cha kwanza ni tokeni za umeme: nani anazinunua? Kiyoyozi katika vyumba vinne usiku kucha hula tokeni kwa kasi ya kutisha, na nimeona makundi yakigombana juu ya jambo hilo kuliko jambo lolote jingine. Nyumba yenye feni nzuri na madirisha yanayopitisha upepo inawatosha. Cha pili ni maji, kwa kuwa nyumba nyingi za huku hutumia ya kisima, nayo huwa na chumvi. Ya kuoga hayana neno, lakini ya kunywa na kupikia chai yatanunuliwa, tena kwa madumu makubwa. Cha tatu ni idadi ya watu. Kama mko kumi na wanne mwambie kumi na wanne. Kundi linalosema nane likaingia kumi na wanne huwa limempa mwenye nyumba sababu ya kulitoa usiku.

Kuhusu pesa, fanya hesabu hadharani. Kumi na wanne kwa 9,000 ni 126,000. Tikiti ya treni ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa mwanzoni mwa 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000 kwa mtu, yaani 42,000 kwa wote. Zimebaki 84,000. Tenga sehemu moja kati ya kumi ya jumla yote, yaani 12,600, iwe ya dharura, isiguswe kwa ajili ya chakula wala muziki, ikibaki mtarudishiana. Zilizosalia ni 71,400, sawa na 5,100 kwa kila mmoja, nazo ndizo za gari la kutoka Mombasa, nyumba ya usiku nne, chakula na bahari.

Zitatosha mkipika. Hazitatosha mkila hotelini mara tatu kwa siku. Asubuhi mahamri na mbaazi, au viazi karai kwa ukwaju, kutoka kwa akina mama wa mitaani. Mchana wali wa nazi na samaki mliyemnunua wenyewe wavuvi wanaporudi. Na usiku mmoja pekee mwende mkale mahali penye meza zenye vitambaa, mpate picha zenu. Ukitaka kulala usingizi mzuri, tuma taarifa ya M-Pesa kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, na mtu wa pili awe na nakala ya risiti zote. Uweka hazina umevunja urafiki wa watu wengi waaminifu ambao kosa lao lilikuwa kutotoa hesabu kwa wakati.

*Ami, sisi tuko Eldoret. Tumepata matatu ya kukodi itakayotutoa chuoni saa kumi na mbili jioni na kutufikisha Malindi kesho yake asubuhi, dereva mmoja. Wengine wanasema treni. Ipi bora? (Mwaka wa Tatu, Eldoret)*

Wanaosema treni wana haki. Kutoka Eldoret hadi Nairobi ni kama kilomita 310, hadi Mombasa 480 nyingine, na hadi Malindi 120 juu ya hizo. Hata gari likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, hiyo ni safari ya zaidi ya saa kumi na moja, usiku, mikononi mwa mtu mmoja, ilhali kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 hazimruhusu dereva kushika usukani zaidi ya saa nane katika siku moja. Mwenye gari aliyekukubalia mpango huo amekwisha kukuonyesha jinsi anavyothamini maisha ya abiria wake.

Njooni Nairobi mchana, mlale kwa jamaa, kisha mpande treni ya asubuhi Syokimau. Ile ya alasiri huwafikisha Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, usiku, na mtabaki na safari ya Malindi mbele yenu gizani. Ile ya usiku hufika kabla ya alfajiri, mkiwa hamna pa kwenda. Ya asubuhi husimama vituo vya njiani na kwa hivyo huchukua muda zaidi, lakini mtaona Tsavo kwa macho, na mtafika jua likiwa bado juu. Tikiti hununuliwa kwa simu kwa kubonyeza *639#, jina lifanane na la kitambulisho, na mfike kituoni saa moja kabla kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo. Pombe hairuhusiwi kuingizwa. Kundi la kumi na kuendelea hufaidika kupatana na matatu moja iwachukue Miritini hadi Malindi bila kuingia mjini Mombasa kutafuta nyingine. Ila msitarajie kufika upesi, maana msongamano wa Mtwapa haumwogopi mtu.

*Ami, chuoni kwetu tuna mwenzetu kutoka Marekani, na ametueleza kuhusu likizo yao ya Machi, ambapo wanafunzi hujazana katika miji ya fukwe wakasherehekea wiki nzima mchana na usiku. Tunataka kuileta Malindi: spika kubwa ufuoni, tikiti mlangoni, watu mia mbili. Kuna ubaya gani? (Mwandalizi, Mombasa)*

Mwombe mwenzako akumalizie hadithi. Desturi hiyo kwa kawaida hutajwa kuwa ilianza Fort Lauderdale, Florida, ambako timu ya kuogelea ya chuo cha Colgate ilikwenda kufanya mazoezi miaka ya 1930 kukimbia baridi. Kufikia 1985 wanafunzi wapatao 350,000 walikuwa wakimiminika katika mji huo, na mwishowe meya akawaambia kupitia televisheni ya taifa kwamba hawatakiwi tena. Wakahamia miji mingine ya Florida. Panama City Beach nayo ikapiga marufuku pombe ufuoni mwezi wote wa Machi kuanzia 2016, na mwaka 2024 jiji la Miami Beach lilitoa matangazo ya kuwaambia wanafunzi kwamba uhusiano wao umekwisha. Hiyo ni miji yenye polisi wengi, hospitali kubwa na waokoaji ufuoni, na bado ilishindwa.

Malindi ni mji wa watu wanaoamkia swala ya alfajiri na wavuvi wanaotoka kabla ya jua. Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinahitaji kibali kwa shughuli ya namna hiyo, na serikali ya kaunti nayo ina vibali vyake vya kukusanya watu na kuuza tikiti. Ukitaka muziki, kodi ukumbi au klabu yenye leseni, ambako kuna milango, walinzi na choo. Watu mia mbili wenye pombe ufuoni usiku, maji yakijaa, bila mwokoaji hata mmoja, ni jambo ambalo mimi sitakusaidia kulipanga.

*Ami, salaam. Binti yangu ana miaka 19, na amenieleza kwamba anakwenda Malindi na wenzake wa chuo. Babake amekataa kabisa. Mimi nataka aende lakini nina hofu, maana hatuna mtu huko. Nimwambie nini, na nimuulize nini? (Mama wa Binti, Nakuru)*

Salaam, dada yangu. Umefanya busara kutafuta maswali kabla ya kutoa jibu. Mtu wa miaka 19 akikatazwa huenda akaja bila kuaga, na hapo hata jina la nyumba hutalijua.

Muulize mambo machache. Nyumba iko mtaa gani na nambari ya mwenyewe ni ipi. Wangapi wanakwenda, na nani anayewaongoza. Watafika saa ngapi. Mpigie mwenye nyumba mara moja, kwa heshima, ili ajue kwamba watoto hao wana wazazi. Baada ya hapo kubalianeni wakati mmoja wa kuongea kila siku, ukatosheka nao. Babake akiona majibu yapo kwenye karatasi huenda akalegea. Akina baba wengi hukataa kitu wasichokielewa.

Kuhusu watu, mwambie wazi badala ya kumtisha. Ufuoni kuna vijana tunaowaita mabichiboi, wengi wao wakiwa waongozaji na wauza vinyago wanaotafuta riziki, na "asante, si leo" inawatosha. Wako pia wageni watu wazima wenye ukarimu usioombwa kwa wasichana wadogo, chakula cha bure, safari ya bure, chumba cha bure. Mji wetu unalijua jambo hilo na unalionea haya. Asiende mahali na mtu waliyefahamiana naye siku hiyo, kinywaji chake kisiachwe mezani, na wasichana warudi nyumbani wawili wawili kwa tuktuk iliyoitwa na wenyeji wao. Asiyejua kuogelea asivuke kina cha kiuno, na akipanda boti avae jaketi la kuokolea kabla haijang'oa nanga. Aliyevutwa na mkondo asipambane nao moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Aogelee sambamba na ufuo mpaka autoke.

Jambo ambalo wazazi wa Nakuru hawalifikirii, na ambalo mimi nalihofia kuliko mabichiboi wote, ni malaria. Pwani ina malaria, na mtoto aliyekulia nyanda za juu hana kinga kama ya mwenyeji. Kabla ya safari apite zahanati aulizie dawa za kinga. Alale ndani ya chandarua, ajipake dawa ya mbu jioni. Na akipata homa, hata ikiwa ni wiki mbili au tatu baada ya kurudi, aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme mwenyewe, "Nilikuwa pwani," ili apimwe. Daktari wa Nakuru asiyeambiwa huenda akaanza kutafuta homa ya matumbo. Kwa dharura nambari ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

*Ami, mimi nauza mahamri na viazi huku Barani, Malindi. Watoto hawa wakija twafurahi, biashara hutembea. Lakini wengine hupita mitaani na nguo za kuogea, mbele ya misikiti, na sisi twashindwa kuwaambia. Twawaambiaje wasichukie? (Bi Mkubwa, Malindi)*

Nawaambia hapa kwa niaba yako, Bi Mkubwa. Wanangu, nguo ya kuogea ni ya ufuoni na bwawani. Mkitoka hapo kuingia mtaani, wasichana wajifunge leso, wavulana wavae shati. Leso mbili hununuliwa pamoja sokoni kwa bei isiyoumiza, na ni zawadi ya kumpelekea mama. Msipige picha za watu bila kuwaomba, hasa akina mama wa buibui na watoto wanaotoka madrasa. Na kama tarehe zenu zimeangukia Ramadhani, mchana kuleni nyumbani. Magharibi ikifika mji utawalisha kwa kaimati na mkate wa sinia. Nawe Bi Mkubwa, ukimwona msichana amepotelewa na adabu hiyo, mwite "mwanangu", mpe hamri moja, kisha umwambie. Sijui mtoto wa kuchukia hapo.

*Ami, tumekosa nyumba Malindi. Tuna siku nne. Twende Lamu badala yake? (Wanafunzi Sita, Thika)*

Kwa siku nne, hapana. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kwa basi, kukiwa na vizuizi vya usalama njiani, kisha ni boti hadi kisiwani Lamu. Kwenda na kurudi kutakula sehemu kubwa ya likizo. Tena mji wa kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, watu huenda kuuona mji wenyewe, vichochoro na milango yake, na ufuo wa kuogelea uko Shela, nje ya mji. Ngojeni likizo ndefu ya Agosti. Kwa sasa tafuteni nyumba Watamu au Gedi, ambako kutoka Malindi ni safari fupi ya matatu, na mkiwa sita tu mtapata mapema. Mkifika Watamu ulizeni kuhusu hori la Mida, lenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Nendeni alasiri, siku ambayo maji yanajaa saa hizo.